Meli ziliuzwa kama chuma chakavu, mbao zake bado zinaingiza fedha

NOVEMBA 1935, katika mji wa Jarrow, kaskazini mashariki mwa Uingereza, dalali alipanda kwenye meli kubwa iliyokuwa imefungwa gatini, akafungua daftari lake na kuanza kunadi. Milango ya mbao ngumu. Vioo vya ukutani. Viti vya ukumbi wa chakula, mazulia, taa, mabeseni ya kunawia, ngazi na kingo zake zenye nakshi. Kila kilichoweza kufunguliwa kwa bisibisi kilipewa namba. Mnada ulikwenda siku kumi, na namba zilipita 4,000.

Meli hiyo ilikuwa Olympic, pacha wa Titanic. Zote mbili ziliundwa Belfast katika kiwanda cha Harland & Wolff kwa michoro inayokaribia kufanana. Titanic ilizama katika safari yake ya kwanza Aprili 1912. Olympic, iliyotangulia kuanza kazi mwaka 1911, iliendelea kwa miaka 24. Ilibeba wanajeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, ikarudi kubeba abiria kati ya Uingereza na Marekani, hadi wenyewe walipoona gharama za kuiendesha zimezidi mapato.

Wakazi wa Jarrow hawakuipokea kama kitu cha kutazama. Kiwanda cha kuunda meli kilichoulisha mji huo, Palmers, kilikuwa kimefungwa mwaka 1933, na wanaume wengi walikuwa mitaani bila kazi. Mbunge mmoja tajiri, Sir John Jarvis, aliinunua Olympic kwa takriban pauni 100,000 na kuiuza kwa kampuni ya kuvunja meli kwa makubaliano kwamba kazi ifanyike Jarrow. Watu waliozoea kuunda meli wakalipwa kuivunja. Ajira hiyo haikutosha: Oktoba 1936 wanaume 200 wa mji huo walitembea kwa miguu hadi London kudai kazi. Gamba la Olympic lilimaliziwa kukatwa Inverkeithing, Scotland, mwaka 1937.

Lakini kuna upande wa pili wa hesabu hiyo. Chuma kiliuzwa kwa uzito, na kikishayeyushwa hakuna anayeweza kukitambua. Mbao ziliuzwa kipande kwa kipande, kwa watu waliojua watazipeleka wapi. Mwenye hoteli ya White Swan katika mji wa Alnwick, safari fupi kutoka Jarrow, alinunua kuta za mbao zilizochongwa, vioo, dari na sehemu ya ngazi, akavijengea ukumbi ndani ya hoteli yake. Ukumbi huo umepewa jina la Olympic, na kwa miongo mingi umekodishwa kwa harusi na karamu. Miezi michache kabla ya hapo, mnada kama huo ulifanyika Southampton kwa meli nyingine maarufu, Mauretania ya mwaka 1907. Mbao zake ziliishia katika baa moja mjini Bristol, na nyingine katika chumba cha mikutano cha studio za filamu za Pinewood, karibu na London.

Msomaji anaweza kuuliza: kampuni ya usafirishaji ilikuwa na sababu gani ya kuweka mbao za thamani namna hiyo kwenye chombo kinachopigwa na mawimbi?

Anayeonekana na anayelipa

Jibu liko kwenye tiketi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, fedha za meli za Atlantiki zilitoka kwa kiasi kikubwa kwa abiria wa daraja la tatu, yaani wahamiaji kutoka Ulaya waliokwenda kutafuta maisha Marekani. Tiketi ya daraja hilo katika Titanic ilianzia takriban pauni 7. Hawa walilala vyumba vidogo vya chini, wengi kwa safari ya kwenda tu. Waliosafiri juu, kwenye kuta za mbao na mazulia, walikuwa wachache, na walihitaji watumishi wengi, chakula cha gharama na nafasi kubwa.

Hata hivyo ni wao waliopigwa picha na magazeti. Sebule ya daraja la kwanza ilikuwa tangazo la meli nzima. Mhamiaji aliyeketi kijijini kwake alisikia habari za meli ambayo matajiri wanaiamini, naye akaiamini. Wasanifu walijua hilo, ndiyo maana walijitahidi abiria asahau kwamba yuko baharini. Walijenga vyumba mfano wa majumba ya kifahari ya Ufaransa na Uingereza ya karne zilizopita: meko za kuotea moto, nguzo, dari za lipu yenye maua. Mawimbi yalifichwa nyuma ya mapazia.

Marekani ilipopitisha sheria za kupunguza wahamiaji mwaka 1921 na 1924, chemchemi hiyo ilikauka. Kampuni zikalazimika kukarabati daraja la tatu na kulipa jina jipya ili kuwavutia walimu, wanafunzi na watalii wa kipato cha kawaida. Wenye meli waliochelewa kubadilika walibaki na vyumba vitupu, na baadhi ya meli zao zilifika kwa wavunjaji kabla ya wakati.

Kuuza kabla bidhaa haijafika

Kulikuwa na tatizo jingine la biashara. Mteja wa mwaka 1910 aliombwa alipe fedha nyingi kwa kitu ambacho hakukiona. Meli iko bandari ya mbali, au iko katikati ya bahari, au bado inagongwa misumari kiwandani. Ni kama mkulima anayeuza mahindi yaliyo bado shambani: mnunuzi anataka kushika angalau gunzi moja.

Gunzi la kampuni za meli lilikuwa mfano mdogo wa meli, uliowekwa ndani ya sanduku la kioo kwenye dirisha la ofisi ya tiketi. Mpita njia alisimama, akahesabu mabomba ya moshi, akatafuta dirisha la chumba ambacho huenda angelala, kisha akaingia kuuliza bei. Kwa wasiofikiwa na mifano hiyo, zilichapwa picha kubwa zinazoonyesha meli iliyopasuliwa kama papai, kila sakafu na shughuli yake: jiko, bwawa la kuogelea, chumba cha mitambo.

Mifano bora ilitengenezwa na viwanda vya kuunda meli vyenyewe, vikiwa na mafundi wao maalumu. Kipimo kilichopendwa kilikuwa 1 kwa 48, yaani sentimita 1 ya mfano ni sentimita 48 za meli. Kwa Olympic yenye urefu wa mita 269, mfano unakuwa na takriban mita 5.6, karibu upana wa duka la kawaida la mtaani. Mfano wa namna hiyo kutoka Harland & Wolff, uliotumika kuwakilisha Olympic na pacha wake, umo katika hazina ya makumbusho ya Liverpool.

Kazi ilianza na mbao laini za msonobari zilizokauka vizuri. Fundi alikata kila ubao kwa umbo la tabaka moja la meli, akaubandika kwa gundi juu ya mwenzake, kama chapati kwenye sahani, hadi likapatikana gogo lenye ngazi ngazi pembeni. Ngazi hizo zilichongwa kwa randa na patasi, zikapigwa msasa na kupakwa rangi mara nyingi. Vifaa vidogo kama nanga, mikono ya kushushia mashua, feni za hewa na nguzo za uzio vilitengenezwa kwa shaba ya njano na mara nyingi vikapakwa dhahabu au fedha ili ving'ae chini ya taa. Meli halisi haikuwa na nanga ya dhahabu, wala mteja hakulalamika.

Haikuwa mifano yote ya kupendeza watu. Waunda meli walikuwa pia na nusu mfano, umbo la meli lililopasuliwa katikati kwa urefu na kupigiliwa kwenye ubao. Juu yake walichora kila bati la chuma mahali litakapokaa, kisha wakapima na kuagiza chuma kiwandani kwa kuutazama huo. Kosa dogo kwenye mbao liligeuka tani za chuma zisizo na pa kwenda. Huu ndio mfano ambao wageni wa makumbusho huupita haraka, ingawa bila huo mwingine usingekuwepo.

Wapo waliogeuza ufundi huo kuwa biashara inayojitegemea. Katika mji wa Northampton, unaojulikana zaidi kwa viatu, W. J. Bassett-Lowke alianzisha kampuni mwishoni mwa karne ya 19 akiuza vifaa vya mitambo midogo na treni za kuchezea. Baadaye alipata oda za kampuni kubwa za meli. Alitengeneza mifano mirefu kuliko chumba cha kulala, na pia midogo sana ya kipimo cha 1 kwa 1,200, ambapo meli ya mita 310 inakuwa na sentimita 26, chini kidogo ya rula ya mwanafunzi. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, hii midogo ikapata soko ambalo hakulitarajia: jeshi liliitumia kuwafundisha askari kutambua meli ya adui na ya rafiki kwa umbo lake.

Cheche kwenye sufi

Wafaransa ndio waliokwenda mbali kuliko wote katika uzuri wa ndani. Normandie, iliyoanza safari mwaka 1935 kwa msaada mkubwa wa fedha za serikali, ilikuwa na ukumbi wa chakula wa urefu wa takriban mita 93, usio na dirisha hata moja. Mwanga ulitoka kwenye nguzo 12 za kioo zilizotengenezwa na Lalique na taa nyingine ukutani, na hewa ilipozwa kwa mitambo. Sebule kuu ilizungushwa picha kubwa za kioo zilizochorwa kwa nyuma na kupakwa dhahabu na fedha, kazi ya msanii Jean Dupas.

Meli hii haikupata kuzeeka. Vita ilipoanza mwaka 1939 ilikuwa New York, ikabaki hapo, na Marekani ilipoingia vitani iliitwaa ili kuifanya ya kubeba askari. Tarehe 9 Februari 1942, mafundi waliokuwa wakikata chuma kwa moto katika sebule ile waliruhusu cheche kuruka kwenye rundo la majaketi ya kuokolea maisha. Majaketi hayo yalijazwa sufi, ile ile ya msufi ambayo watu wa pwani wanajazia mito na magodoro. Anayeijua sufi hahitaji kuelezwa kilichofuata. Wazima moto walimwaga maji mengi mno upande mmoja, na usiku wa kuamkia tarehe 10 meli ikalala ubavu. Iliinuliwa, ikaonekana haifai, na baada ya vita ikauzwa kwa wavunjaji kwa dola 161,680.

Fedha hizo ni ndogo kwa meli iliyokuwa fahari ya taifa. Lakini mapambo mengi yalikuwa yameshafunguliwa na kupelekwa ghalani kabla ya moto, ili kupisha vitanda vya askari. Yaliuzwa baadaye. Milango yake ya shaba iko katika kanisa kuu la Wamaroni lililoko Brooklyn, na sehemu ya picha za Dupas imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Kilichookolewa kiliokolewa na amri ya kijeshi ya kuondoa mapambo, si na mtu aliyependa mapambo.

Mhandisi wa Kimarekani William Francis Gibbs aliichukua hofu ya moto hadi mwisho wake. Meli yake, United States, iliyoanza safari Julai 1952 na kuvuka Atlantiki kwa siku 3, saa 10 na dakika 40, haikuruhusiwa mbao. Samani zilikuwa za alumini, mapambo ya kioo na metali, mapazia ya nyuzi zisizoshika moto. Vilivyosamehewa ni piano na gogo la bucha la kukatia nyama. Samani zake nazo zilipigwa mnada mwaka 1984, na gamba likaoza gatini Philadelphia kwa miongo kadhaa. Kaunti ya Okaloosa, Florida, iliinunua mwaka 2024 katika mpango wa takriban dola milioni 10 unaojumuisha kuivuta, kuisafisha na kuizamisha kwa makusudi ili iwe makazi ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi. Februari 2025 ilivutwa kuelekea Mobile, Alabama, kwa matayarisho.

Meli ndogo ndani ya meli kubwa

Queen Mary ya Uingereza ilikaribia kutozaliwa. Ilianza kuundwa Clydebank, Scotland, mwishoni mwa 1930, ikiitwa namba 534 tu. Desemba 1931 fedha zikaisha kutokana na mdororo wa uchumi duniani, na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mbavu za chuma zilisimama zikiota kutu kwa miaka zaidi ya miwili. Serikali ilikubali kukopesha pauni milioni 9.5 kwa sharti kwamba kampuni mbili hasimu, Cunard na White Star, ziungane. Kazi ilirejea Aprili 1934, na Mei 1936 meli ikaanza safari.

Humo ndani kulitumika aina 56 za mbao, nyingi kutoka makoloni ya Uingereza, zikiwa zimepasuliwa nyembamba na kubandikwa ili mishipa ya mti ionekane. Katika ukumbi mkuu wa chakula iliwekwa ramani kubwa ya Atlantiki iliyochorwa na MacDonald Gill, na juu yake meli ndogo ya kioo iliyosogea siku hadi siku kuonyesha wamefika wapi. Abiria aliyekaa mezani aliweza kujua amebakiza kiasi gani bila kumuuliza baharia. Ni mfano wa meli kama ile ya dirishani kwenye ofisi ya tiketi, ila huu ulikuwa tayari umeshalipiwa.

Ramani hiyo bado ipo. Jiji la Long Beach, California, liliinunua Queen Mary mwaka 1967 kwa dola milioni 3.45 na kuifanya hoteli na makumbusho. Uamuzi huo umeligharimu jiji mamilioni ya dola za matengenezo, na meli ilifungwa mwaka 2020 na kufunguliwa tena mwaka 2023. Mdogo wake, Queen Elizabeth 2, aliuzwa mwaka 2007 kwa dola milioni 100 na kwenda Dubai, ambako baada ya miaka kumi ya kusubiri gatini aligeuzwa hoteli mwaka 2018. Chombo cha namna hii kinakula fedha kila siku hata kisiposogea.

Njia ya Mombasa na Dar es Salaam

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na meli zake, ndogo kuliko hizo za Atlantiki. Kampuni ya British India ilileta Kenya mwaka 1951 na Uganda mwaka 1952, kila moja ya tani zaidi ya 14,000 na nafasi za abiria takriban 300 wa madaraja mawili. Zote ziliundwa Glasgow na kiwanda cha Barclay Curle. Zilitoka London kupitia mfereji wa Suez na Aden, zikafika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kisha zikaendelea kusini hadi Afrika Kusini. Wazee wengi wa Kilindini wanazikumbuka kwa rangi na kwa milio.

Ndege ziliwamaliza wateja wao. Jeti zilianza kuvuka Atlantiki Oktoba 1958, na miaka michache baadaye afisa au mfanyabiashara wa Nairobi hakuona sababu ya kukaa baharini kwa wiki kadhaa. Kufungwa kwa Suez mwaka 1967 kukaongeza maumivu. Kenya ilivunjwa Italia mwaka 1969. Uganda iligeuzwa meli ya ziara za wanafunzi, ikawa hospitali katika vita ya Falklands mwaka 1982, na mwaka 1986 ikapelekwa Taiwan kuvunjwa, ambako kimbunga kiliilaza ubavu kabla nyundo hazijaanza.

British India ilikuwa chini ya P&O, na P&O ilinunuliwa mwaka 2006 na DP World ya Dubai. Pamoja na bandari na mikataba, mnunuzi alirithi kumbukumbu zote za kampuni hiyo kongwe: picha, michoro, samani na mifano ya meli katika masanduku yake ya kioo. DP World ndiyo kampuni ambayo tangu 2024 inaendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam, kwenye gati ambazo meli za British India zilipita.

Wakati meli hizo zikija na kuondoka, mafundi wa Lamu na Zanzibar walikuwa wakichonga mifano ya vyombo vyao wenyewe, na hadi leo jahazi dogo lenye tanga la kitambaa ni bidhaa ya kuuzia watalii. Wanunuzi wengi huliona kama pambo la sebuleni. Lakini mtepe, chombo cha kale cha pwani kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari na kuvutwa na tanga la mkeka, ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mafundi walipotaka kuunda mwingine wa ukubwa kamili Zanzibar mwaka 2003, hapakuwa na mtepe mzima uliobaki wa kupima. Walitegemea mifano iliyohifadhiwa makumbusho.